Namwosha Kidonda, Lakini Sili Kwake

Jumamosi, 12 Aprili. Asubuhi mawingu mazito upande wa Kongowe, mvua ya usiku imekatika, uani maji yamesimama mpaka kizingiti cha jiko.

Bi Shamimu, shikamoo. Nasoma safu yako kila Jumanne, mume wangu akishamaliza kurasa za michezo, na sikuwahi kufikiri kwamba na mimi nitakuandikia, kwa sababu wengi wanaokuandikia wana shida za mapenzi na mirathi na yangu si mapenzi wala mirathi, ni ya sahani ya chakula. Nakuomba usiicheke kabla hujaifikisha mwisho. Majina yote nimeyabadilisha pamoja na langu, kwa hiyo niite Sesilia.

Nina miaka arobaini na mmoja, kwetu ni Masasi, nimesoma mpaka kidato cha nne, naishi Mbagala na mume wangu Romani, ambaye ni mchonga vinyago, na watoto wetu watatu. Nashona nyumbani, na siku tatu kwa wiki natumika katika kikundi cha huduma cha parokia yetu, ambacho mimi ni katibu wake. Hatulipwi. Tunafua nguo za wagonjwa, tunawaogesha wasioweza kuinuka, tunawasindikiza zahanati, mara moja kwa mwezi tunapeleka sabuni na dawa ya meno kwa wafungwa Ukonga, na mtu hatumuulizi dini yake. Sisemi haya kwa kujisifu, nataka tu ujue kazi yenyewe ilivyo, ni kazi ya ndoo na vitambaa, mahubiri wanafanya wengine.

Kikundi chetu kina sheria moja ambayo kila anayejiunga anaahidi mbele ya altare kuishika: kwenye nyumba ya mgonjwa hatuli, hatunywi, hatupokei. Sheria hiyo niliipendekeza mimi. Miaka minne iliyopita tulikwenda watu watano kwa mzee mmoja, Mzee Sebastian, anaishi peke yake, akatupikia ndizi, tukala zote tukamshukuru na kuimba wimbo, na kesho yake jirani akatuambia kwamba zile zilikuwa ndizi zake za siku tatu na kwamba tangu tuondoke alikuwa hajatia kitu mdomoni. Niliona aibu ambayo sijaisahau. Kwenye kikao kilichofuata nikasema tukomeshe jambo hili moja kwa moja, wote wakakubali, na tangu siku hiyo hakuna mgonjwa aliyelala njaa kwa sababu yetu. Mpaka leo naiona ni sheria nzuri.

Sasa nije kwa Bi Hija. Ni Mzaramo wa hapa hapa Mbagala, mjane wa umri wa miaka sabini na kitu, ana kisukari, na mguu wake wa kushoto una kidonda chini ya kidole gumba. Anaishi na Salma, binti wa kaka yake, ambaye anakaanga mihogo barazani. Zamani Bi Hija alikuwa mpishi wa shughuli, watu walimfuata kutoka Temeke na Kigamboni aende akawapikie pilau ya harusi, na hata leo akikalishwa kwenye kibao jikoni anamwendesha Salma kwa macho tu. Nesi wa zahanati ndiye aliyetuomba tumsaidie, kwa sababu Salma akiona kidonda anazimia, na mimi nikapewa Alhamisi na Jumatatu. Kazi yangu ni kufungua bandeji, kuosha kidonda kwa maji ya chumvi kama nesi alivyonifundisha, kufunga upya, kumkata kucha, na kuondoka.

Siku ya kwanza nilipofungua ile bandeji nilitoka nje, nikatapika nyuma ya choo, nikanawa, nikarudi nikaendelea. Bi Hija akaninyooshea mguu tena. Nilipomaliza, Salma akaleta chai ya tangawizi na vitumbua, nikashukuru, nikakataa kwa heshima. Bi Hija akasema, "Haya mwanangu, siku nyingine." Siku nyingine ikaja, na chai ikaja, nikakataa kwa heshima. Ikawa mchezo wetu.

"Kwani chai yangu ina mchanga?" ananiuliza huku anacheka.

"Hapana Bibi, nimetoka kunywa nyumbani."

"Kila siku umetoka kunywa. Nyumba yako ina kisima cha chai."

Basi mie nacheka, na yeye anacheka, na Salma anaondoa kikombe. Miaka miwili imekwenda hivyo. Na katika miaka hiyo miwili mimi nimekuwa nikimpelekea chakula, kwa sababu nesi alisema apunguziwe wali na mafuta na Salma alikuwa hajajua kupika vya mgonjwa wa kisukari, kwa hiyo nampikia dona na mchicha na dagaa nyumbani kwangu, nabeba kwenye bakuli, naye anakula chote mbele yangu, ingawa kila siku anasema mchicha wangu umepikwa na mtu aliyekasirika.

Mwaka huu Idi iliangukia Jumatatu, siku yangu, ndani ya Kwaresima yetu. Jumapili usiku, mwezi ulipoandama, Salma alikuja mpaka nyumbani akaniambia shangazi anasema Jumatatu usije na ndoo, njoo kama watu wanavyokwenda kwa watu. Nikaenda saa saba mchana na doti ya khanga niliyomnunulia. Nilikuta majirani wanawake wamejaa chumbani, wamekaa mkekani, na Bi Hija amevaa gauni jipya, mguu umepumzishwa juu ya mto. Salma akaninong'oneza kwamba tangu alfajiri shangazi alikaa jikoni mwenyewe, akachagua mchele, akakaanga vitunguu kwa mkono wake, hakutaka kusaidiwa. Sahani yangu ilikuwa imewekwa peke yake mbele ya Bi Hija, imefunikwa kawa. Wengine walikuwa wanakula pamoja kwenye sinia.

Nikampa khanga, akazipokea kwa mikono miwili, akazibusu. Kisha akafunua kawa. Nikamwambia, "Bibi, samahani, sisi tuko Kwaresima."

"Salma kashamuuliza mama Editha wenu," akasema. "Kamwambia Kwaresima mnaacha nyama Ijumaa. Leo Jumatatu."

Editha ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu. Sikujua kwamba walimuuliza. Nikasema, "Ni kweli Bibi, lakini sisi wahudumu haturuhusiwi kula kwa wagonjwa."

Akaniangalia. "Nani kakukataza, padri au tumbo lako?"

Mwanamke mmoja pembeni akacheka, mwingine akamfinya anyamaze. Bi Shamimu, nilikuwa na jibu la kweli kabisa, kwamba ni ahadi, kwamba hata kwa Wakristo wenzangu sili, lakini halikutoka, nikabaki nimeshika mkoba wangu. Bi Hija akarudisha kawa juu ya sahani taratibu, akasema, "Salma, mfungulie mgeni mlango, ana haraka." Miaka miwili aliniita mwanangu. Siku hiyo nikawa mgeni.

Alhamisi iliyofuata nilikwenda na ndoo yangu kama kawaida. Nikasema shikamoo, akaitikia marahaba bila kuongeza neno, amejifunika khanga mpaka miguuni.

"Bibi, nimekuja kuosha mguu."

"Mguu haupo. Umekwenda sokoni."

Nilidhani ni utani, nikacheka. Hakucheka. Nikamwekea bakuli la mchicha, akalisukuma kwa kidole. "Chukua chakula chako, bibie. Mimi nawe tusilishane."

Jumatatu hivyo hivyo. Alhamisi ya juzi nikampeleka mwenzangu wa kikundi, mtu mpole sana, nikidhani labda kakasirikia uso wangu tu. Bi Hija akamwambia, "Wewe sikujui, hujanikosea. Nenda na Mungu wako." Akamrudisha.

Nilipokuwa natoka Salma akanifuata mpaka bombani, mikono imejaa unga wa pilipili.

"We dada nawe," akasema. "Pilau tu. Ungekula hata kijiko."

"Salma, ni sheria. Ningekula kwake, kesho ningekula kwa asiye nacho."

"Shangazi hana nini? Sie si maskini wa chai. Yeye mwenyewe anasema, mie maskini wa mguu." Akafungua maji akanawa. "Unajua kwamba aligombana na kaka Mbwana kwa ajili yako?"

Sikujua. Mbwana ni kaka yake Salma, anaishi Kipawa, ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Salma akaniambia kwamba mwanzoni kabisa, Mbwana alipokuta bakuli langu pale ndani, alimfokea shangazi yake. Alimwambia unakula cha Wakristo, sufuria zao zimepikiwa kitimoto, na hao wanakunenepesha wakubatize. Shangazi akamjibu, na mguu huu wataniingizaje kwenye hayo maji? Lakini Mbwana hakucheka, akakaa miezi bila kuja, na hata Ramadhani ile hakufuturu kwake.

"Shangazi alimwambia, Sesilia hawezi kunilisha haramu, namwamini kama namwamini Salma. Kala chako miaka miwili, kakosana na mtoto wa kaka yake. Wewe hata maji. Unakujaga na chupa yako."

Ni kweli. Nakwenda na chupa yangu ya maji. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaiona.

"Siku ya Idi alimwalika Mbwana pia," Salma akasema. "Alikuwa uani, anasikia yote. Alipoingia alimwambia shangazi, si nilikwambia, wanakuona najisi. Shangazi hakumjibu. Mie sijawahi kumwona shangazi anakosa la kumjibu kaka Mbwana."

Halafu akaniambia kitu cha mwisho, kwamba yeye amejaribu kubadilisha bandeji huku amefumba macho, haoshi, anafunga tu, na kwamba juzi alipofumbua kidogo aliona kidole gumba kimeanza kubadilika rangi upande mmoja. Nesi alishatuambia tangu zamani kwamba kidonda hiki kikiachwa bila kusafishwa, kidole kitakatwa, na kisukari kikiwa juu hata mguu unaweza kufuata. Sasa kimekaa zaidi ya wiki mbili.

Nilikwenda kwa Editha jana. Nikamweleza kila kitu. Akanisikiliza huku anachambua mchele, halafu akasema, "Sesilia, sheria uliileta wewe, wewe ndiye uliyewasomea wenzako mbele ya altare. Tukimfungulia mmoja kwa sababu kakasirika, kila nyumba itakasirika. Mwaka kesho tutakuwa tunachinjiwa kuku." Nikamuuliza, na mguu? Akasema tumwombee, na kwamba kama nikila, niiache nafasi yangu ya ukatibu kwanza. Hakusema kwa ubaya. Ni mtu wa msimamo, na msimamo huo nilimfundisha mimi.

Romani yeye aliona jambo lote ni dogo. "Kula tu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Basi andika kwenye hiyo shajara yako ya kila siku kwamba hukula."

Nikaendelea kushona. Lakini kuna jambo moja sikumwambia yeye wala Editha, nakuambia wewe kwa sababu hunioni. Lile swali la Bi Hija, padri au tumbo lako, silijui jibu lake. Ile siku ya kwanza, nilipotoka kutapika na kukuta vitumbua vimewekwa chumba kile kile, nilishukuru moyoni kwamba sheria ipo. Baadaye nilizoea, siku hizi harufu siisikii kabisa, lakini sikuwahi kujijaribu, kwa sababu sheria ilikuwa inanijibia. Kwa hiyo nikisema sili kwa sababu ya ahadi, sijui kama nasema kweli, na nikila kwa ajili ya kumridhisha, naogopa kwamba chakula kitanikwama mbele yake na ataona, na itakuwa mbaya kuliko kukataa.

Naomba uniambie kama nivunje ahadi niliyoiweka mbele ya Mungu nile pilau ya mwanamke huyu, au nishike ahadi nitafute njia nyingine ya kuupata ule mguu. Na kama kuna njia hiyo nyingine, ni ipi. Mimi nimeitafuta sikuiona.

Jumapili ya Matawi, asubuhi, kabla ya misa. Jua limetoka. Nilidhani nikishaandika nitapumzika. Usingizi ulikuja saa nane na nusu usiku.

Sesilia, Mbagala


BI SHAMIMU ANAJIBU

Sesilia, marahaba mwanangu. Barua yako nimeitanguliza mbele ya mabibi harusi waliokimbiwa, na wao watanisamehe, kwa sababu kidole kinachobadilika rangi hakisubiri gazeti. Nimeshampigia mhariri akutafute kwa namba uliyoacha, na ujumbe aliokupa ndio ninaourudia hapa kwa faida ya wengine: kabla ya sahani, kabla ya ahadi, kabla ya kikao, nenda kwa yule nesi wa zahanati na umwombe aje mwenyewe nyumbani na sare yake. Bi Hija kakukasirikia wewe, hajaikasirikia serikali. Nesi akisema mguu uonekane, utarudi kutoka sokoni. Na akisema hospitali, Mbwana apigiwe simu, maana yeye ndiye mkubwa wa ukoo na ana gari au anamjua mwenye gari. Umeniandikia kurasa ngapi hizi, na kote humo hujataja kwamba ulikwenda kwa nesi. Ulikwenda kwa mwenyekiti. Hilo peke yake lifikirie.

Sasa tuzungumze.

Mimi nimekulia kwenye nyumba za kawa na mkeka, kwa hiyo nikuambie kilichotokea siku ile ya Idi, maana naona wewe unadhani ulikataa pilau. Yule bibi kwa miaka miwili amekuwa akilala chali mbele yako, anakupa mguu unaonuka, anakuona unatoka kutapika, anasikia unavyotapika, maana nyumba zetu hizi choo kiko hatua chache na ukuta ni bati. Akanyamaza. Akakupa tena mguu siku ya pili. Unajua inavyotaka moyo kumpa mtu mguu wa namna hiyo? Wewe ulikuwa unampa mikono, yeye alikuwa anakupa aibu yake, na hilo la pili ndilo gumu zaidi. Kitu kimoja tu alikuwa nacho ambacho hakikuwa kidonda, mkono wake wa kupika, ambao mji mzima uliwahi kuufuata. Siku aliyoweza kukaa jikoni tangu alfajiri, akasema leo huyu binti hatanikuta mgonjwa, atanikuta mwenye nyumba. Akaweka sahani yako peke yake, mbele yake. Ukamwambia haturuhusiwi kula kwa wagonjwa. Mbele ya majirani. Mbwana yuko uani.

Umeandika mara mbili kwamba ulikataa kwa heshima. Sauti yako ilikuwa na heshima, nakubali. Lakini heshima ya kukataliwa chakula huipimi kwa sauti.

Sikusemi kwa sababu ya sheria yenu. Sheria ile ni nzuri, na kwa Mzee Sebastian ningeitunga mimi mwenyewe. Kosa lako ni kwamba uliona aibu mara moja, kwa mtu mmoja asiye na ndizi, halafu ukawavalisha wagonjwa wote shati lake. Bi Hija hana njaa. Ana binti anayekaanga mihogo, ana mchele, ana wageni. Salma kakuambia kwa Kiswahili cha bombani ambacho mtoto angekielewa, shangazi yake ni maskini wa mguu. Na wewe ulikuwa unampelekea mchicha, tena uliopikwa na mtu aliyekasirika.

Halafu hili la tumbo. Nakupongeza kwa kulisema, na nakukataza kulitafuna zaidi ya leo. Kinyaa ni kitu cha mwili, kama chafya. Umekuwa nacho siku moja, ukanawa, ukarudi chumbani, ukaendelea miaka miwili. Huo ndio ukweli wa jambo, na mwingine humo ndani usiutafute. Usichopaswa kufanya ni kukificha nyuma ya altare. Alipokuuliza padri au tumbo, alitaka jibu la mwanadamu. Ungemwambia, "Bibi, siku ya kwanza lilikuwa tumbo, siku hizi ni ahadi," angekucheka mpaka majirani wacheke, na angekuwekea kijiko mkononi.

Kuhusu Editha, usimfiche kitu, na usile kwa siri kama Romani anavyokushauri. Romani anakupenda, lakini chakula cha siri kingekuwa tusi la pili, safari hii kwa wenzako. Nenda kwake leo. Mwambie hivi: sheria niliileta mimi kwa ajili ya asiye nacho, na nimeona inamuumiza aliye nacho, kwa hiyo nitaila hiyo pilau, na nafasi ya ukatibu hii hapa mezani, kikao kiamue. Usimwombe ruhusa. Mpe taarifa. Akikubali, mzungumze jinsi ya kuiandika upya, kwamba mhudumu hachukui chakula cha mgonjwa wala hamwachii mgonjwa gharama, ila akikaribishwa na mwenye nacho anaonja na anashukuru. Kuku wa Editha watabaki salama. Asipokubali, umepoteza kiti cha ukatibu, na kiti cha ukatibu hakina kidole kinachokufa. Na ile ahadi kaizungumze na padri wako kabla ya Pasaka, ndiyo kazi yake. Mimi si mtu wa kanisa lako, lakini sijawahi kusikia mtu amelaaniwa kwa kula kwa jirani.

Mbwana naye ana neno langu, kama anasoma. Ulimwambia shangazi yako wanakuona najisi. Ulisema ukiwa umeshiba pilau yake. Kampeleke hospitali.

Sasa nenda, Sesilia. Acha ndoo nyumbani. Acha bakuli la mchicha. Acha ile chupa ya maji, na hili nalisisitiza. Nenda mchana, saa ya chakula, ukiwa hujala tangu asubuhi ili tumbo lako lisipate nafasi ya kujadili. Piga hodi kama watu wanavyopiga, vua viatu, mpe shikamoo, kaa mkekani chini yake. Usiutaje mguu. Akikuuliza umefuata nini, sema, "Bibi, nimekuja kula." Atakutukana kidogo. Atasema jiko limezimwa, atasema chakula chake kina mchanga, atasema nyumba yako ina kisima. Nyamaza, kaa. Mpishi wa shughuli hawezi kumwona mtu mwenye njaa akakaa kimya muda mrefu, hana nguvu hiyo.

Kikija, kiwe pilau, kiwe muhogo wa Salma, kiwe ugali wa jana, kula mbele yake mpaka sahani ionekane chini. Kikikwama, meza maji yake. Akiona kimekukwama, mwambie kwa nini. Keshajua siku nyingi.

Sahani ikiisha, omba uongezewe. Kula na hicho. Kisha kanawe mikono, rudi ukae pale pale, na umwombe akupe mguu.